Nachagua farasi aliyeshinda mara ya mwisho, mbona kila Ijumaa ananiangusha?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Tanga, mtoto wa Chumbageni. Huu mwaka wa nne niko Dubai, nalinda ghala zamu ya usiku. Chumbani tunalala sita: Watanzania wawili, Wakenya watatu wa Kilifi na Malindi, na Mganda mmoja. Msimu wa mbio za farasi ukianza Novemba, Ijumaa ambazo sina zamu tunakwenda uwanja wa mbio wa Meydan. Tunakaa upande usio na kiingilio, tunachukua ile kadi ya bure ya kuchagua washindi wa mbio sita, tunajaza, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka, tunarudi kulala. Kwa kweli Mjomba, hiyo ndiyo starehe yangu pekee huku ugenini. Farasi wakiingia kona ya mwisho, moyo unanipanda mpaka kooni.

Tatizo langu ni hili. Mimi si mtu wa kubahatisha. Wenzangu wanachagua kwa jina tamu au kwa rangi ya fulana ya joki, yaani mpanda farasi. Mimi natazama namba. Kando ya jina la kila farasi kuna nafasi alizoshika mbio zilizopita, basi namchukua mwenye 1 mwishoni. Wakiwa wawili, namchukua mwenye 1 nyingi zaidi. Misimu miwili sasa sijawahi kupata zaidi ya wawili kati ya sita. Mwezi uliopita Mganda wetu alichagua farasi mmoja kwa sababu tu ana soksi nyeupe miguu yote minne, na siku hiyo akapata watatu. Walinicheka njia nzima.

Hasira hizo ndizo zilizoniponza. Niliingia kwenye kundi la WhatsApp la jamaa anayeuza "farasi wa uhakika". Anakutumia jina, unamtumia pesa, anakuwekea dau nje ya nchi. Mara ya kwanza nilitoa dirham 50 nikarudishiwa 140. Tangu hapo ni kutoa tu. Nimepiga hesabu jana: zimekwenda dirham 1,850, na 700 kati ya hizo nimekopa kwa mwenzangu wa kitanda cha juu. Mke wangu nimemwambia mshahara umechelewa. Tangu tuoane sikuwahi kumdanganya.

Sasa jamaa anasema wiki ijayo yuko farasi ambaye ni kama pesa iliyo benki, nikitia 500 zote zitarudi. Usingizi sipati. Naomba unishauri nifanye nini na deni hili. Na pili, Mjomba, naomba unifundishe kusoma farasi kama wanavyosoma wenyewe, maana nimesikia uliwahi kufanya kazi kwenye mazizi ya huku.

Mtoto wa Chumbageni, Dubai

*

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliishia kwenye lile neno la mkeo. Kwa hiyo tuanze na hilo, farasi watasubiri.

Hizo 500 usizitume. Toka leo kwenye kundi hilo, na utoke mbele ya huyo mwenzako wa kitanda cha juu ili awe shahidi. Nikueleze jinsi mchezo huo unavyochezwa. Mtu ana watu themanini kwenye simu yake, na mbio ina farasi wanane. Anawatumia kumi jina hili, kumi jina lile, mpaka farasi wote wanane wamekuwa "wa uhakika" kwa mtu fulani. Yeyote atakayeshinda, kuna watu kumi wanaomwona jamaa ni bingwa, na hao ndio anaowarudia wiki ijayo. Zile 140 zako za mara ya kwanza hazikuwa malipo ya ujuzi wake. Zilikuwa chambo. Tena hujui kama kuna dau lolote lililowahi kuwekwa kwa jina lako. Isitoshe, kamari isiyo na kibali hapo ulipo ni kosa la sheria, na wewe unaishi kwa viza ya kazi.

Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka kumi na miwili, nikalala hatua kumi kutoka kwenye zizi la farasi niliyemlisha kwa mikono yangu, na asubuhi ya mbio sikujua kama atashinda. Mkufunzi wake hakujua. Mwenyewe aliyemnunua hakujua. Mtu aliye na simu mbili huko asikojulikana amejulia wapi?

Mwenzako mwambie ukweli, kwamba utamlipa 100 kila mshahara kwa miezi saba, umwandikie tarehe kwenye karatasi. Zile 1,150 zako mwenyewe zihesabu zimezama, usizifukuze. Wanaozifukuza ndio wanaouza simu, kisha wanauza tiketi ya kurudi nyumbani. Na mkeo mpigie leo kabla hujaingia zamu. Mwambie kiasi chenyewe, usipunguze. Atakasirika, na ana haki. Lakini uongo wa mshahara kuchelewa una mwezi mmoja tu wa kuishi, mwezi ujao utahitaji mwingine. Ukiona mkono bado unakwenda kwenye simu wenyewe, mpe mwenzako kadi ya benki akutunzie mpaka hamu ipungue. Hilo si aibu, nimewaona wanaume wazima wakifanya hivyo na wakapona.

Neno moja zaidi la pesa, kwa sababu najua ukishajua kusoma farasi utashawishika tena. Kuchagua vizuri na kupata faida ni vitu viwili. Farasi anayependwa na watu wengi zaidi katika mbio hushinda kama mara moja kati ya tatu. Ukimwekea 100 katika mbio tisa, utatoa 900. Akishinda tatu, na kila ushindi ukirudishiwa 250, mkononi una 750. Umechagua washindi watatu kwa akili, na umepoteza 150. Bei inawajua farasi kama unavyowajua wewe. Kwa hiyo baki na kadi ya bure. Hesabu hiyo hiyo inaeleza na kadi yako: kama kila mbio una nafasi moja kati ya tatu, kuwapata wote sita ni nafasi moja kati ya 729. Mwenye kupata wawili kati ya sita hana sababu ya kuchekwa na mtu. Mganda wenu naye msubirini, soksi nyeupe hazikimbii.

Haya, tuingie zizini.

Kosa lako si kutazama namba. Kosa lako ni kuichukua namba kama hukumu, wakati namba ni swali. 1 inakwambia farasi alimaliza wa kwanza. Haikwambii aliwashinda kina nani, juu ya nini, umbali gani, akiwa amebeba kilo ngapi, na njiani kilimpata nini. Mwenye 6 anaweza kuwa alikimbia mbio nzuri kuliko mwenye 1. Kila namba iulize: ilipatikanaje?

Nikupe mfano wa hapo hapo unapokaa. Machi 2018, siku wanayoiita Super Saturday, ambayo ni kama mazoezi ya mwisho kabla ya mbio kubwa ya Dubai World Cup, farasi aitwaye North America aliongoza tangu getini, yaani vile vichumba vya kuanzia mbio, mpaka mwisho, akamwacha Thunder Snow wa pili kwa mbali. Wiki tatu baadaye hao hao wakakutana kwenye World Cup yenyewe, uwanja ule ule, mchanga ule ule, mita 2,000 zile zile. Kwa kanuni yako ungemchukua North America bila kupepesa. Geti likafunguka, North America akachelewa kutoka. Thunder Snow akatoka kama risasi, akashika mbele, akashinda kwa urefu wa farasi karibu sita katika muda wa dakika 2 na sekunde 1.38, rekodi ya uwanja huo kwa wakati ule. North America hakuonekana tena katika mbio hiyo.

Je, katika wiki tatu mmoja aliharibika na mwingine akawa simba? Hapana. Kilichobadilika ni nani aliyepata mbele. Hili ndilo somo kubwa la mchanga wa Meydan, na ningependa ulielewe hili hata kama mengine utayasahau.

Kwenye majani, farasi wa nyuma anakula upepo kidogo na vipande vichache vya nyasi. Kwenye mchanga, kwato za walio mbele zinamrushia ukuta. Nilikuwa na farasi mmoja wa rangi ya kahawia, aliyehasiwa, mpole, hana ubaya wowote. Mbio ya kwanza kwenye mchanga alipangiwa geti la 2, karibu kabisa na uzio wa ndani. Watu walifurahi: njia fupi. Akamaliza wa saba. Nilipompokea sikumtambua. Mchanga umejaa kwenye pembe za macho, umeganda puani pamoja na jasho, meno yote ya njano. Nilikaa naye karibu saa nzima na sifongo na ndoo, nikimsafisha jicho moja moja, na kila nikigusa pua anapiga chafya ya mchanga kwenye shati langu. Kichwa alikuwa amekiinua juu muda wote, kama bado anaukwepa. Nikamwambia mkufunzi: huyu hakushindwa kukimbia, alikataa kupigwa usoni. Mbio ya pili geti la 3, wa sita. Kwenye kadi sasa anasomeka 7, kisha 6, na mtu kama wewe amekwisha mfuta. Mbio ya tatu wakampa geti la 11, nje kabisa, watu wakasikitika. Akatoka pembeni, hakuna aliye mbele yake, uso safi. Akashinda mpaka joki akawa anageuka nyuma kutazama wenzake wako wapi.

Kwa hiyo kabla hujajaza kadi ya mbio ya mchanga, tafuta jambo moja: ni farasi wangapi humu wanaopenda kuongoza? Video za mbio za nyuma zinapatikana bure mtandaoni, na wewe mlinzi wa usiku una muda wa mapumziko. Tazama mita 400 za mwanzo tu. Akiwepo mmoja peke yake anayependa mbele na geti lake si baya, huyo mwekee alama hata kama namba zake hazipendezi, maana atakwenda kwa raha yake bila mtu wa kumsumbua. Wakiwa wanne, wataumana wao kwa wao, watachoka pamoja, na mbio itamwangukia aliyekaa nyuma yao akingoja. Mbio moja, farasi wale wale, jibu tofauti kabisa kwa kutegemea hesabu hiyo.

Utaniambia: Mjomba, mbona Arrogate mwaka 2017 alitoka vibaya getini, akawa wa mwisho, akala mchanga wote, na akashinda World Cup hiyo hiyo akimpita Gun Runner? Ni kweli, na nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Lakini huyo alikuwa farasi bora duniani wakati huo. Usiupime mchezo wa Ijumaa ya kawaida kwa Arrogate.

Nirudi kidogo kwa Thunder Snow, kwa sababu ana somo la pili. Mei 2017 walimpeleka Marekani kwenye mbio ya Kentucky Derby. Geti lilipofunguka alianza kurukaruka na kurusha miguu kama punda aliyechokozwa na nyigu, joki akamsimamisha, hakumaliza mbio. Kwenye kumbukumbu zake hiyo ni alama mbaya kuliko kumaliza wa mwisho. Nani angemtaka? Na huyo ndiye aliyeshinda World Cup ya 2018, akarudi 2019 akashinda tena kwa urefu wa pua tu mbele ya Gronkowski, wa kwanza katika historia ya mbio hiyo kushinda mara mbili. Mbio isiyokimbiwa haina habari. Farasi akizuiwa njia, akipoteza kiatu, akigongwa getini, ifute mbio hiyo na usome iliyotangulia. Lakini uwe mkweli: sababu lazima uione kwa macho kwenye video, usimtungie farasi unayempenda udhuru.

Sasa uzito, na hapa ndipo ile 1 yako inapokuponza zaidi.

Mbio nyingi za Ijumaa ni handikapu. Kila farasi ana kiwango alichopewa na wapimaji, na kila pointi ni kama ratili moja ya mzigo, yaani karibu nusu kilo. Mwenye kiwango 95 akikutana na mwenye 90, wa kwanza anabeba ratili tano zaidi, kilo mbili na robo. Nia ni wote wafike pamoja. Sasa farasi akishinda, wapimaji wanampandisha. Mara nyingine pointi nne, mara nyingine nane. Ina maana huyo mwenye 1 unayemchukua kila Ijumaa anarudi na mzigo ambao hakuwa nao alipopata hiyo 1, na pengine dhidi ya wenzake wenye nguvu zaidi. Anaweza kushinda tena ikiwa bado anakua, hasa wa miaka mitatu ambaye amekimbia mara chache na aliyeshinda bila kusukumwa. Lakini farasi wa miaka saba aliyeshinda kwa urefu wa kichwa tu baada ya kuchapwa njia nzima, huyo tayari ametoa alichonacho.

Kinyume chake, tazama mwenye 5, 6, 5. Kila akishindwa wanamshusha pointi moja, mbili. Jiulize: mara ya mwisho aliposhinda, kiwango chake kilikuwa ngapi? Kama alishinda akiwa 92, na leo ameteremshwa mpaka 88, na mbio ya mwisho alikuwa anakuja kwa nguvu mwishoni, huyo amekaribia siku yake. Hesabu hii ya kiwango cha ushindi wa mwisho ni ya dakika moja, na wengi waliokaa karibu nawe hawaifanyi.

Mbio kubwa, zile za daraja, si handikapu. Humo farasi wa umri mmoja wanabeba sawa na jike anapunguziwa kidogo, kwa hiyo mwenye kiwango cha juu ana haki ya kuogopwa. Usizisome mbio za aina hizi mbili kwa miwani moja.

Umbali na sakafu nitavipitia haraka. Mita 1,200 si mita 1,200: mbio iitwayo Al Quoz Sprint inakimbiwa moja kwa moja kwenye majani, Golden Shaheen inapinda kona kwenye mchanga. Aliyeng'ara kwenye moja anaweza kupotea kwenye nyingine. Farasi anayetoka Ulaya na ushindi mara tatu kwenye majani, akiwekwa mchangani kwa mara ya kwanza, ni mgeni, mpe nafasi ya mgeni. Tena ukichimba matokeo ya zamani ya Meydan, kumbuka kwamba tangu 2010 uwanja ulipofunguliwa mpaka 2014 hapakuwa na mchanga, palikuwa na sakafu ya kutengenezwa iitwayo Tapeta. Mchanga umeanza msimu wa 2014 hadi 2015. Na ile mbio ya Waarabu halisi, farasi wa Kiarabu, inayofungua jioni nyingi, isome peke yake. Muda wao ni mrefu kuliko wa hawa wengine na hauwezi kulinganishwa.

Utayari ni jambo ambalo halimo kwenye namba hata kidogo. Farasi aliyepumzika tangu Machi, akitokea Desemba, mara nyingi yuko kwenye mbio ili apate pumzi. Sisemi wanamzuia asishinde. Nasema mkufunzi ana tarehe yake kichwani, na tarehe hiyo inaweza kuwa Februari au Machi. Tazama tarehe za mbio zake za msimu uliopita: alishinda mbio ya kwanza au ya tatu? Wengi wana tabia, na tabia inarudi. Na kusoma zile namba zenyewe, kwa mtindo wa Kiingereza iliyo kulia kabisa ndiyo ya karibuni, kistari kinatenganisha msimu na msimu, na 0 ni nafasi ya 10 au nyuma yake. Kuna nchi wanaoandika kinyume, kwa hiyo hakikisha unajua kadi iliyo mkononi mwako imeandikwa vipi. Nimewahi kumkuta mtu anasoma kuanzia upande usio wake mwaka mzima.

Baada ya yote hayo, nenda kawaone. Wewe uko uwanjani, una kitu ambacho mwenye simu hana. Kabla ya mbio farasi wanazungushwa kwenye uwanja wao mdogo. Usimtazame mrembo. Mtazame anayetembea. Farasi aliye sawa, mguu wa nyuma unatua mbele ya alama iliyoachwa na mguu wa mbele, hatua ndefu, kiuno kinayumba kwa ulegevu, kichwa kiko chini, sikio moja huku moja kule. Jasho shingoni usiku wa joto si neno. Jasho jeupe kama povu la sabuni katikati ya mapaja ya nyuma, pamoja na mkia unaopigapiga na saisi anayeburutwa, huyo mbio yake ameshaikimbia pale pale. Lakini linganisha na tabia yake mwenyewe. Kuna jike niliyemtunza ambaye alitoka povu kila mara na alishinda nalo mara tatu. Ndiyo maana uwatazame wale wale wiki baada ya wiki. Nikuambie pia tazama masaisi: saisi aliyetulia, anayetembea na kamba imelegea, amelala vizuri kwa sababu farasi wake alilala vizuri.

Niliwahi kuona ukamilifu wa yote haya mara moja. Machi 2000, bado mbio zinafanyika uwanja wa zamani wa Nad Al Sheba, nilikuwa nimesimama kwenye uzio farasi Dubai Millennium alipopita akielekea getini. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Dakika chache baadaye alishinda World Cup kwa urefu wa farasi sita, na joki Dettori juu yake. Mwaka uliofuata ugonjwa wa malishoni ukamuua. Masaisi wa mazizi yote walinyamaza siku ile, hata wa mahasimu.

Sasa kazi yako. Nunua daftari. Ijumaa ijayo usijaze mbio zote sita kwa akili, huwezi. Chagua mbili, moja ya mchanga na moja ya majani, uzifanyie kazi wiki nzima, na zile nne nyingine jaza utakavyo. Kabla geti halijafunguka andika sababu zako kwa mistari mitatu: nani ataongoza, nani ameshushwa kiwango, nani umemwona anatembea vizuri. Mbio ikiisha, usiandike kwanza nani kashinda. Andika kama mbio ilikwenda ulivyosema. Ulisema namba 4 ataongoza peke yake, je aliongoza? Kama aliongoza na akashindwa, ulisoma vizuri na ukakosa, yapo. Kama uliyemchagua alishinda kwa sababu wawili waligongana mbele yake, ulipata na hukusoma, usijisifu mbele ya Mganda.

Mwishoni mwa Februari nitumie picha ya kurasa nne za daftari hilo. Nitakujibu humu humu, na nitataka kusikia mama watoto alisemaje ulipompigia.

Mjomba wako